Mji mkongwe kuwa Urithi wa Dunia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila mji wa kale unapoanza kuzungumziwa kama Urithi wa Dunia. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi ya hali zisizo za kawaida, hivyo unaweza kuruka moja kwa moja hadi lile linalokuhusu.

## Mambo ya msingi

Urithi wa Dunia ni nini, na nani huutoa?

Ni orodha inayotokana na mkataba uliopitishwa na Mkutano Mkuu wa UNESCO mjini Paris tarehe 16 Novemba 1972. Karibu nchi zote za dunia zimeuridhia. Tanzania ilifanya hivyo mwaka 1977 na Kenya mwaka 1991. Watu husema "UNESCO wametupa hadhi", lakini uamuzi ni wa Kamati ya Urithi wa Dunia, yenye wajumbe wa nchi 21 waliochaguliwa na nchi wenzao. Kamati hukutana mara moja kwa mwaka. Kituo cha Urithi wa Dunia kilichoko Paris ni sekretarieti yake: hupokea makaratasi na kuyapanga, hakipigi kura.

Maeneo 12 ya kwanza yaliingia mwaka 1978, na miji ilikuwemo tangu siku hiyo: Quito ya Ecuador na kitovu cha kale cha Kraków, Poland. Leo orodha ina maeneo zaidi ya 1,200.

Nani anaruhusiwa kuomba? Halmashauri? Jumuiya ya wakazi?

Serikali ya nchi pekee. Barua ya wakazi au ya meya iliyotumwa Paris haitafunguliwa jalada lolote. Hata hivyo, si kweli kwamba wakazi hawana la kufanya. Miongozo ya Mkataba inataka ushiriki wao uonekane ndani ya maombi, na mara nyingi wazo lenyewe huanzia kwa wenye mji, likapanda hadi idara ya mambo ya kale na mwisho wizarani. Kama unataka mji wako uanze safari, mlango wa kwanza ni taasisi ya taifa inayosimamia urithi. Iulize jambo moja tu: je, mji wetu umo kwenye orodha ya awali, yaani orodha ya maeneo ambayo nchi inakusudia kuyaombea? (Tazama swali la hatua za maombi.)

Mji wetu una miaka mamia. Hilo halitoshi?

Halitoshi, kwa sababu umri si kigezo. Brasília ilizinduliwa mwaka 1960 ikaorodheshwa 1987, ilhali miji yenye karne nyingi mgongoni haijakaribia hata orodha ya awali. Asmara iliingia mwaka 2017 kwa majengo ya karne ya 20. Uzuri nao si kigezo. Kinachopimwa ni kama mji una jambo la kuieleza dunia ambalo mji mwingine hauwezi kulieleza vizuri zaidi.

Je, ni sawa na ile orodha ya ngoma, ususi na mapishi?

Hapana. Hiyo ni ya urithi usioshikika, yenye mkataba wake wa mwaka 2003. Mkataba wa 1972 unahusu mahali: ardhi, majengo na mandhari yenye mipaka inayochorwa kwenye ramani. Mji unaweza kuwa na vyote viwili, lakini maombi ni mawili na njia ni mbili.

## Thamani, vigezo na uhalisia

"Thamani ya kipekee kwa ulimwengu mzima" maana yake nini?

Ndicho kiini cha maombi yote. Maana yake ni kwamba umuhimu wa mji huo unavuka mipaka ya taifa, kiasi kwamba ukipotea, hasara ni ya wanadamu wote na si ya wenyeji tu. Mji unaweza kuwa fahari kubwa ya taifa, chimbuko la uhuru wake na kipenzi cha kila mtoto wa shule, na bado usifikie hapo. Hili huwauma wengi, lakini ni vyema lisemwe mapema.

Thamani hiyo hukaa juu ya mafiga matatu: mji utimize angalau kigezo kimoja, uwe na ukamilifu na uhalisia, na uwe na ulinzi wa kisheria pamoja na mpango wa usimamizi unaofanya kazi. Waombaji wengi hutumia nguvu zote kwenye la kwanza, la tatu wakalibandika mwishoni. Ndilo linalowaangusha.

Vigezo ni vipi, na miji hutumia vipi?

Viko 10. Sita vya kwanza ni vya utamaduni, vinne vya mwisho ni vya maumbile asilia. Kwa mji mkongwe, cha kwanza, yaani kazi bora kabisa ya ubunifu wa binadamu, hudaiwa mara nyingi na hupatikana kwa taabu. Cha pili ni mwingiliano wa watu na fikra unaoonekana katika ujenzi au upangaji wa mji, na hapa ndipo miji ya bandari inapong'ara. Cha tatu ni ushahidi wa ustaarabu ulio hai au uliotoweka. Cha nne ni mfano bora wa aina ya majengo au mpangilio unaoonyesha hatua fulani ya historia. Cha tano ni makazi ya jadi, au matumizi ya jadi ya ardhi na bahari, hasa yaliyo hatarini. Cha sita ni uhusiano wa moja kwa moja na matukio, imani, fikra au sanaa zenye uzito wa kilimwengu. Kamati hupendelea kisisimame peke yake.

Mji wa Kale wa Lamu uliingia mwaka 2001 kwa cha pili, cha nne na cha sita. Mji Mkongwe wa Zanzibar, mwaka mmoja kabla, kwa cha pili, cha tatu na cha sita. Hoi An ya Vietnam ilitosheka na cha pili na cha tano. Ushauri wangu: chagua viwili unavyoweza kuvitetea hata ukiamshwa usiku wa manane, kuliko vitano vya kujaribia bahati. Kila kigezo unachodai kinataka ushahidi wake, na kinachoanguka huwatia wakaguzi shaka juu ya vilivyobaki.

Kwa nini kila mtu anasisitiza uchambuzi linganishi?

Kwa sababu ndipo mji unapojibu swali gumu kuliko yote: kwa nini huu, na si ule? Unatakiwa kuuweka mji wako kando ya miji inayofanana nao, ndani na nje ya nchi, iliyoorodheshwa na isiyoorodheshwa, kisha uonyeshe nafasi iliyo wazi ambayo mji wako peke yake unaijaza.

Chukua mji wa bandari wa mwambao wa Afrika Mashariki. Mwombaji anayeandika leo kwamba mji wake ni "mfano bora wa mji wa Waswahili wenye nyumba za mawe na milango ya nakshi" atajibiwa kwamba Lamu na Zanzibar tayari zinaeleza hilo, na magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo tangu 1981. Itambidi atafute kile ambacho hao hawakisemi: biashara ya aina nyingine, mpangilio tofauti wa mitaa, kipindi kingine, au watu ambao alama yao haionekani kwingine. Kusifu hakusaidii. Nimesoma kurasa za sifa ambazo ungeweza kubadilisha jina la mji na zikaendelea kuwa kweli. Kurasa za namna hiyo hazimshawishi mkaguzi.

Kosa lingine la kawaida ni kujilinganisha na miji dhaifu ili uonekane bora. Wakaguzi wanaijua miji uliyoiruka.

Majengo mengi yamekarabatiwa, mengine yamejengwa upya. Tumepoteza uhalisia?

Inategemea mlifanya nini na mna kumbukumbu gani. Kitovu cha kale cha Warsaw kiliharibiwa kwa zaidi ya asilimia 85 katika Vita vya Pili vya Dunia, kikajengwa upya, na mwaka 1980 kikaorodheshwa, hasa kwa sababu ya ujenzi huo wa kina uliofuata kumbukumbu za kale. Daraja la Mostar huko Bosnia lilibomolewa vitani mwaka 1993, likajengwa upya na kuzinduliwa 2004, na mwaka uliofuata eneo lake likaingia kwenye orodha. Hizi ni hali za pekee, usizifanye kanuni.

Waraka wa Nara wa mwaka 1994, ulioandikwa Japani, ulipanua maana ya uhalisia. Tangu hapo hauangaliwi umri wa jiwe peke yake, bali pia umbo, malighafi, matumizi, ufundi wa jadi, mahali na hata roho ya mahali. Paa la makuti linaloezekwa upya kila baada ya miaka michache si la bandia, ilimradi ufundi ni uleule. Kinyume chake, ukuta wa mawe na chokaa uliopigwa plasta ya saruji una shida mbili: umebadilika sura, na unyevu hukwama ndani yake ukaula polepole. Wakaguzi huliona hilo kwa macho.

Na ukamilifu je? Mipaka ichorwe wapi?

Ukamilifu huuliza kama kila kinachobeba thamani kimo ndani ya mpaka, na kama bado ni kizima. Ukiuacha ufuo nje ya mji wa bandari, umejikata mguu. Ukiingiza mtaa mpya wa maghorofa ili eneo lionekane kubwa, umejiletea maswali.

Kuzunguka mpaka huo huwekwa eneo la kinga. Halihesabiki kuwa urithi wenyewe, lakini linadhibitiwa ili ujenzi wa jirani usiuzibe mji wala kuuharibia mandhari. Kama halipo, lazima useme kwa nini halihitajiki.

## Safari ya maombi

Hatua ni zipi, na huchukua muda gani?

Kwanza, serikali huuweka mji kwenye orodha ya awali ya nchi. Mji lazima ukae humo angalau mwaka mmoja kabla ya kuombewa. Kuwemo humo si hadhi, ingawa vibao vya barabarani wakati mwingine hutangaza vinginevyo.

Pili, kuna tathmini ya awali, utaratibu mpya kiasi. Nchi hutuma ombi kufikia tarehe 15 Septemba, na wataalamu hujibu kufikia 1 Oktoba mwaka unaofuata wakieleza kama mji una uwezekano. Jibu hilo halifungi mtu: nchi inaweza kuendelea hata ikiambiwa mambo si mazuri. Kwa maombi yatakayowasilishwa kuanzia Februari 2028, hatua hii ni ya lazima, na lazima ipite miezi 12 tangu jibu hilo litoke ndipo andiko kamili lipokelewe.

Tatu ni andiko lenyewe, ambalo mwisho wake wa kupokelewa ni 1 Februari. Kituo cha Paris hukagua kama limekamilika. Likipungukiwa ramani moja, husubiri mwaka mwingine. Likipita, hukabidhiwa ICOMOS, baraza la kimataifa la wataalamu wa majengo na maeneo ya kihistoria lililoanzishwa mwaka 1965. Wataalamu husoma, mkaguzi hutembelea mji, jopo hukaa, maswali ya nyongeza hutumwa, na takriban mwaka mmoja na nusu baada ya andiko kupokelewa, Kamati huamua kwenye kikao chake cha katikati ya mwaka.

Ukijumlisha tathmini ya awali, hiyo ni karibu miaka minne tangu ombi la kwanza hadi uamuzi, bila kuhesabu utafiti, upimaji na vikao vya kabla yake. Anayekuahidi hadhi kabla ya uchaguzi ujao anakudanganya.

Kuna na foleni. Kila nchi huruhusiwa ombi moja kwa mwaka, na Kamati hushughulikia yasiyozidi 35 kwa mwaka. Mji wako unaweza kuwa tayari na bado ukasubiri kwa kuwa mwaka huo nchi imechagua mbuga ya wanyama.

Mkaguzi anapokuja mjini hutazama nini?

Hali ya majengo, mipaka, sheria zinavyotekelezwa, nani anasimamia, na kama wakazi wanajua kinachoendelea. Hatoki katika nchi inayoomba, na hatoi hukumu juu ya thamani ya mji. Hilo hufanywa na wasomaji wengine na jopo. Kupaka rangi mtaa mmoja wiki ya ugeni hakusaidii kitu. Ofisi ya uhifadhi yenye mafundi, rejista ya majengo na rekodi ya vibali vilivyokataliwa inasaidia sana.

Kamati inaweza kuamua nini?

Mambo manne. Kuorodhesha. Kurudisha kwa maelezo ya ziada, ambapo nchi ina miaka mitatu ya kuleta kilichopungua. Kuahirisha, maana yake utafiti wa kina zaidi au andiko jipya, na ukaguzi wote kuanza upya. Au kukataa, na hapo mlango hufungwa isipokuwa kukipatikana ugunduzi mpya au hoja ambayo haikuwemo kabisa. Ndiyo maana nchi ikinusa kukataliwa huondoa ombi lake kabla ya kikao.

Ushauri wa ICOMOS hauibani Kamati. Imetokea mara nyingi mji ulioshauriwa uahirishwe ukaorodheshwa palepale, baada ya wanadiplomasia kufanya kazi yao. Sifurahii njia hiyo: mji huingia na mapungufu yaleyale, na miaka michache baadaye yanarudi mezani.

Maombi yanagharimu kiasi gani?

Hakuna ada. Gharama iko kwenye upimaji, ramani, utafiti wa nyaraka, uandishi, na mpango wa usimamizi. Nchi zenye uwezo mdogo zinaweza kuomba msaada wa maandalizi wa hadi dola 30,000 za Marekani kutoka Mfuko wa Urithi wa Dunia, na kwa Afrika kuna Mfuko wa Urithi wa Dunia wa Afrika, ulioanzishwa mwaka 2006 na wenye makao yake Afrika Kusini.

## Baada ya kuorodheshwa

UNESCO watatutengenezea mji?

Hapana. Mfuko ni mdogo, maeneo ni mengi, na jukumu la kutunza hubaki kwa nchi. Hadhi haishiki ukuta: sehemu ya Beit al Ajaib, jengo linalojulikana kuliko yote katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, miaka 20 baada ya mji kuorodheshwa. Kinachoongezeka ni jina, macho ya dunia, na urahisi wa kuwashawishi wafadhili.

Nyumba yangu itakuwa mali ya UNESCO? Nitazuiwa kuitengeneza?

Umiliki haubadiliki hata kidogo. Mkataba wenyewe unaheshimu mamlaka ya nchi na haki za mali. Kinachokubana ni sheria ya nchi yako na kanuni za mji, ambazo kwa kawaida zilipaswa kuwepo kabla ya maombi. Tarajia kuomba kibali ukitaka kuongeza ghorofa, kubadilisha dirisha au kubomoa baraza. Uliza mapema pia nani atalipa tofauti ya gharama kati ya chokaa na saruji, maana mipango mingi ya usimamizi hulikwepa swali hilo.

Wakazi hawatafukuzwa na watalii?

Hofu hii ina msingi. Kitovu cha kale cha Venice kilikuwa na wakazi karibu 175,000 mwaka 1951. Mwaka 2022 walishuka chini ya 50,000. Venice iliorodheshwa 1987, kwa hiyo uhamaji ulianza zamani na hadhi si chanzo chake pekee, lakini pia haikuuzuia. Wakati wa kuweka masharti juu ya nyumba za kupangisha wageni, na juu ya matumizi ya majengo, ni wakati mpango wa usimamizi unaandikwa. Baada ya sherehe, wenye mitaji huwa wameshanunua.

Kuna mradi wa bandari, barabara au jengo refu karibu. Itakuwaje?

Nchi inatakiwa kuiarifu Kamati mapema, kabla ya uamuzi usioweza kurudishwa, na kufanya tathmini ya athari kwa urithi. Hata mradi ulio nje ya eneo la kinga unaweza kuhojiwa: bandari mpya ya Lamu imejadiliwa na Kamati mara kadhaa ingawa haijengwi ndani ya mji wa kale.

Mji unaweza kunyang'anywa hadhi?

Ndiyo, ingawa ni nadra. Ni maeneo matatu tu yaliyowahi kuondolewa. La kwanza, mwaka 2007, lilikuwa hifadhi ya swala wa oriksi huko Oman. Mawili yanayofuata yanawahusu wenye miji. Bonde la Elbe la Dresden liliondolewa 2009 kwa sababu ya daraja, ambalo wakazi wenyewe walilipigia kura ya ndiyo mwaka 2005. Liverpool iliondolewa 2021 kwa sababu ya ujenzi wa kando ya maji, baada ya miaka tisa ya maonyo.

Kabla ya kufika huko kuna Orodha ya Urithi wa Dunia Ulio Hatarini. Vienna iliwekwa humo 2017 kwa mradi wa jengo refu. Kuwekwa humo hakukusudiwi kuwa adhabu, bali kuvuta msaada na usimamizi wa karibu, na maeneo hutoka: Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia 2004, yakatoka 2014.

## Hali zisizo za kawaida

Ngome yetu imo, lakini mji unaoizunguka haumo. Tufanyeje?

Ndivyo ilivyo Mombasa: Fort Jesus iliorodheshwa mwaka 2011, mji wa kale haukuingia. Galle, Sri Lanka, iliingia 1988 mji na ngome zake kwa pamoja. Kupanua kidogo mpaka uliopo ni jambo la marekebisho madogo. Kuongeza mji mzima ni upanuzi mkubwa, na hufuata njia yote ya maombi mapya.

Miji kadhaa inaweza kuomba pamoja?

Inaweza, ikiwa inasimulia jambo moja. Mauritania iliorodhesha Ouadane, Chinguetti, Tichitt na Oualata kwa pamoja mwaka 1996. Malaysia ilifanya hivyo na Melaka na George Town mwaka 2008. Kila mji lazima uchangie kitu kwenye thamani ya pamoja, na mmoja ukiharibika wote huitwa mezani.

Kukiwa na vita, lazima tungoje miaka yote hiyo?

Kuna njia ya dharura. Kitovu cha kale cha Odesa, Ukraine, kiliorodheshwa Januari 2023 kwenye kikao maalum, na papo hapo kikawekwa kwenye orodha ya hatari. Njia hii ni kwa uharibifu uliopo au unaokaribia, si kwa serikali iliyochelewa kuandika. Kuhusu mji wenye mgogoro wa umiliki, Jerusalem ndiyo mfano unaotajwa daima: mji wake wa kale na kuta zake uliombewa na Jordan na kuorodheshwa 1981.

Naweza kuweka nembo ya Urithi wa Dunia kwenye hoteli yangu iliyo ndani ya mji?

Si kwa uamuzi wako. Kibali huombwa kwa mamlaka ya nchi inayosimamia nembo, na matumizi ya kibiashara hubanwa zaidi. Kumbuka pia kwamba kilichoorodheshwa ni mji, si hoteli yako.